Kikombe cha chai nilichokataa Ruiru: MS, kibofu, na mazoezi niliyoyafanya kinyume

Wakuu, nawasalimu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Anayeandika ni mjukuu wangu Wangari. Anayesema ni mimi, nyanya yake. Sikupelekwa shule hata siku moja, kwa hiyo nimemwamuru aandike kama ninavyosema, asipunguze wala asipambe, kisha anisomee kila kipande kabla hajakituma. Akiongeza neno lake nitalitambua.

Wengine mtajiuliza mwanamke wa Gatuanyaga asiyejua kusoma amekitoa wapi Kiswahili cha namna hii. Nilipoolewa tuliishi Makongeni, na mlango wetu ulitazamana na wa mama mmoja aliyetoka Lamu. Kila nilipokosea alinirudisha mwanzo wa sentensi. Hakuwa na huruma mama yule, nami ninamshukuru.

Ninayoyasema yote ni kweli, na yanahusu mkojo.

Anayeona haya kulisoma neno hilo afunge simu yake sasa, hakuna ugomvi. Mimi nimelionea haya kwa miaka mingi, na haya hiyo imenitenga na ndugu yangu wa tumbo moja.

Nianze na jambo lenyewe ili msihangaike. Kwa muda mrefu nilitaka kitu kimoja tu: kwenda Ruiru kwa mdogo wangu Wairimu, niketi kwenye kiti chake, ninywe chai yake hadi mwisho wa kikombe, kisha tuagane kama ndugu. Basi. Mtu mwenye afya haanzishi uzi kwa sababu ya jambo kama hilo.

Kwa mama yetu tulizaliwa watano. Njoroge, Wambui, Kamau, mimi Muthoni, na kitinda mimba Wairimu. Mama alifariki Wairimu akiwa bado hajaota meno yote. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, nikampikia uji, nikamwogesha. Wale watatu wa juu wametangulia mbele za haki. Tumebaki mimi na yeye.

Sasa ugonjwa.

Ulianza na mguu wa kulia, ambao ulikuwa ukikokota ardhi bila mimi kutaka. Baadaye jicho moja likaingia ukungu kwa majuma kadhaa, kisha likapona lenyewe. Nikasema ni uzee unabisha hodi.

Halafu kibofu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Nilikuwa nikisikia haja ghafla, si kama watu wengine wanavyoisikia ikija pole pole. Ilikuwa kama mtu amefungua mfereji. Kabla sijafika chooni, na kwetu choo kiko nyuma ya zizi la mbuzi, tayari nimekwisha lowa. Wakati mwingine nilifika, nikachuchumaa, na mkojo ukakataa kutoka. Nikirudi ndani, unakuja.

Mganga wa kwanza hospitalini alisema ni baridi ya mifupa. Wa pili akasema ni umri pamoja na uzazi mwingi. Watu wa maombi wakasema ni mtu ameniroga. Wala sikuwaambia hata mmoja wao habari ya kibofu. Niliwaambia mguu na jicho tu. Mtu atatibuje asichoambiwa?

Dawa yangu nilijitungia mwenyewe. Sikunywa maji. Nikiwa na safari, hata ya kanisani, nilifunga kinywa tangu jioni ya siku iliyotangulia. Wangari aliponiuliza kwa nini midomo imepasuka, nilimwambia ni upepo wa Gatuanyaga.

Sasa Ruiru.

Wairimu alikuwa amepanga nyumba za watu tangu ujana wake, akiuza mitumba sokoni. Hatimaye akajenga nyumba yake ya mawe. Akawaita jamaa na watu wa kanisa lake waje kuiombea. Mimi nilikuwa ndiye mkubwa wake aliyebaki. Kwetu, siku kama hiyo mkubwa huonja chai kwanza, ndipo wageni hunywa.

Nilifika nikiwa mkavu kama kuni. Nilipoingia tu, kabla sijasalimia, macho yangu yakatafuta choo. Wenzangu mlio na kibofu kibovu mnalijua jambo hili. Mtu haoni picha ukutani wala mapazia mapya, anaona milango.

Mlango wa choo ulikuwa hapo hapo sebuleni, nyuma ya kiti cha mchungaji. Anayeingia ampitie mchungaji, anayetoka ampitie tena, na sebule nzima isikie kilicho katikati.

Wairimu akaja kwangu na kikombe kipya chenye maua mekundu, amekishika kwa mikono miwili.

"Mkubwa wangu, onja tuanze."

"Sitakunywa."

Alicheka. Alidhani ninamtania. "Hata kulowesha midomo?"

"Wairimu, nimesema sitakunywa. Kiondoe."

Mimi ni mtu wa sauti nzito. Watoto wangu husema hata nikiomba chumvi inasikika kama hukumu. Siku ile nilikuwa nimebana mapaja na kubana meno pamoja, kwa sababu haja ilikuwa imenishika hata bila ya chai, na maneno yakatoka magumu kuliko nilivyokusudia.

Kwetu, mtu akikataa chai nyumbani kwako amesema moja kati ya mambo mawili: ana kinyongo nawe, au anaogopa ulichotia ndani yake. Jambo la tatu halijulikani. Mimi nilikuwa nalo la tatu, na sikulisema.

Wairimu alikwenda mlangoni akaimwaga ile chai kwenye maua aliyoyapanda siku chache kabla. Hakupaza sauti. Alisema, "Basi. Nyumba yangu imekataliwa na aliyenilea."

Nilisimama nikaondoka kabla ya chakula. Watu walidhani nimekasirika. Nilikuwa ninatafuta kichaka, na Ruiru hakuna kichaka tena, ni majengo matupu. Nilipofika Thika nilikuwa nimelowa hadi soksi, nimefunga leso mbili juu ya rinda.

(Wangari ananisomea kwamba kuna kijana hapo chini ameandika, "Shosho leta story, wacha kuzunguka." Kijana, story ndiyo hii. Mwenye haraka aendeshe bodaboda.)

Nimeulizwa pia na mwingine kwa nini sikumpigia simu Wairimu siku iliyofuata nikamweleza. Swali zuri. Nimejiuliza mara nyingi kuliko wewe.

Mtoto niliyemfunga nepi, nitamwambiaje kwamba sasa mimi ndiye ninayehitaji nepi? Tena Wairimu ana mdomo. Lolote uliambialo sikio lake, Jumapili linahubiriwa. Basi nikakaa kimya, naye akakaa kimya. Simu zake zikapungua, kisha zikakoma. Ikafika kwangu habari kwamba ninamwonea kijicho kwa sababu ya nyumba ya mawe. Nikasikia pia kwamba nilimwogopa, eti alinitegea kitu. Sikukanusha. Nilifikiri ni afadhali waseme nina roho mbaya kuliko waseme ninajikojolea.

Fikirini mtu mzima aliyechagua hivyo.

Ugonjwa wenyewe ulipata jina siku nilipoanguka shambani na miguu yote miwili ikakataa kunyanyuka. Wangari, aliyekuwa amekuja likizo kutoka chuoni, alinipeleka Thika kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Nikalazwa ndani ya mtungi ule unaonguruma, wakapiga picha ya ubongo na uti wa mgongo. Daktari akasema ni multiple sclerosis, MS kwa kifupi.

Wangari alinieleza hivi: mwili una nyaya kama za stima, na kila waya una ganda. Kinga yangu mwenyewe inalichubua ganda hilo. Ubongo ukituma habari kwenye mguu au kwenye kibofu, nyingine zinafika zimechelewa, nyingine hazifiki. Nilimwelewa. Nikamwuliza daktari, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kama kibofu nacho kimo katika habari hiyo.

Akasema ndiyo, na kwamba wanawake wengi wenye MS hupata shida hiyo. Akashangaa kwamba sikuwahi kuitaja. Nilitoka pale nikiwa na hasira, sijui na nani.

Sasa nilikuwa na jina la kumpa Wairimu. Ningeweza kwenda siku hiyo hiyo na kusema, "Mdogo wangu, haikuwa kinyongo, ilikuwa ugonjwa, na jina lake ni hili." Sikwenda. Nilijiambia kwamba nitakwenda nikiwa nimepona.

Lishikeni neno hilo, "nikiwa nimepona." Nitalirudia.

Daktari alinipa dawa za ugonjwa, kisha akaniandikia nimwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wale mnaowaita physio. Nilisema nitakwenda. Sikwenda. Nilisikia kwamba huyo mtaalamu hutia mkono mahali ambapo mkunga pekee amewahi kutia, tena kwa ruhusa yangu.

Badala yake nilimwendea mama mmoja wa kanisani kwetu aliyefanya mazoezi hayo baada ya kujifungua. Akaninong'oneza nyuma ya jengo. Akasema, "Unakaza huko chini, kwa nguvu zako zote, halafu unalegeza." Ndiyo mafunzo yote niliyopata.

Mimi si mtu wa kufanya kazi nusu. Asubuhi nilikaza. Mchana nikipukuchua mahindi nilikaza. Mbuzi wakinywa maji nilikaza. Kiangazi chote kikapita nikikaza. Hali ikazidi kuwa mbaya. Hapo awali nilikuwa nikilowa njiani kwenda chooni. Sasa nikawa ninalowa hata nikiinama kuokota kijiko.

Nikamwambia Wangari kwamba mazoezi hayo ni uongo wa wazungu.

Wangari hakubishana. (Anataka niseme kwamba alibishana. Alibishana kidogo.) Alinichukua asubuhi moja, akaniambia tunakwenda Thika kununua dawa ya mbuzi, na nikajikuta nimeketi katika chumba cha physio. Tuliyazungumza hayo baadaye, mimi na yeye.

Mtaalamu alikuwa mwanamke wa magharibi mwa Kenya, Bi. Nekesa, mwenye umri wa kuwa mwanangu wa mwisho. Nikamwuliza ana watoto wangapi.

"Mmoja, mama."

"Mimi nimezaa saba. Utanifundisha nini?"

"Kuzaa sitakufundisha, mama," akasema, huku akinawa mikono. "Kule umenishinda. Mimi nitakufundisha kuzuia."

Nilimpenda hapo hapo, ingawa sikumwonyesha.

Alitaka kwanza nipimwe kama kibofu kinamaliza mkojo ninapokwenda haja, kwa sababu alisema wenye MS wengine hubakiza ndani, na hao huhitaji msaada mwingine kabla ya mazoezi. Nikapimwa, nikaonekana ninabakiza kidogo tu. Akanieleza kwamba angependa kunichunguza kwa mkono wenye glavu. Nikakataa. Hakunilazimisha. Akasema basi aweke mkono juu ya tumbo, juu ya nguo, nami nikaze kama nilivyozoea.

Nikakaza.

Akanitazama usoni, akatazama tumbo. "Mama, rudia."

Nikarudia, kwa nguvu zaidi, ili ajue hachezi na mtu mvivu.

"Mama, hukazi. Unasukuma."

"Ninakaza."

"Unajifungua, mama. Mtoto wa nane yuko njiani."

Wangari alicheka hadi nikamtazama. Bi. Nekesa hakucheka. Alinyoosha kidole akagusa paji la uso wangu, hapa mbele, palipo na mfereji.

Wakuu, vijana wa siku hizi hawana mfereji huo. Ni alama ya mkanda wa ngozi. Tangu nikiwa msichana mdogo nimebeba kuni na maji mgongoni, mkanda umepita kichwani. Mzigo ukiwa mzito, mtu hupiga magoti, huvuta pumzi, huifungia kifuani, husukuma tumbo lote chini, ndipo husimama. Hakuna aliyenifundisha. Mama alifanya hivyo, na mama yake. Kwangu mimi, neno "nguvu" ni hilo: fungia pumzi, sukuma chini.

Kwa hiyo yule mama wa kanisani aliponiambia nikaze kwa nguvu zangu zote, mwili wangu ulifanya kile ulichokijua. Kiangazi kizima nilikuwa nikisukuma chini ile misuli niliyopaswa kuivuta juu. Bi. Nekesa alisema angeniona wiki ya kwanza angelijua, kwa sababu si mara yake ya kwanza kuwaona akina mama wenye alama ile kwenye paji la uso wakifanya hivyo hivyo.

Wiki ya kwanza. Daktari alikuwa ameniandikia, na karatasi ilikuwa chini ya godoro.

Alinifundisha upya kama mtoto. Nilale chali, magoti juu. Nifikirie ninazuia upepo usitoke mbele za watu, kisha nivute mbele na juu, polepole, kama anayenyonya uji mzito kwa mrija. Tumbo litulie. Makalio yatulie. Pumzi iendelee.

Pumzi ndiyo iliyonishinda. Kila nikivuta, pumzi inajifunga yenyewe. Akaniambia nihesabu kwa sauti, kwa sababu mtu anayesema hawezi kufungia pumzi. Nikamwambia mimi na hesabu hatujuani sana. Akasema basi nitaje majina yoyote ninayoyajua kwa mfuatano.

Yakaja yenyewe. Njoroge. Wambui. Kamau. Muthoni. Wairimu.

Nikifika kwa Wairimu, ninalegeza.

Hivyo ndivyo nilivyofanya mazoezi. Asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa kuwa joto hunichosha na likinichosha misuli hainisikii. Nilikuwa nikiwataja watoto wa mama yangu, wafu na wazima, huku nikivuta.

Aliniamuru pia ninywe maji. Hilo lilitaka vita. Alinieleza kwamba mkojo mchache ni mkali, nao humchokoza mwenye kibofu chenye hasira. Ninywe kidogo kidogo mchana kutwa, na chai ya majani mengi niipunguze. Tena haja ikinijia ghafla, nisikimbie. Hilo nalo nilikuwa nikilifanya kinyume. Niketi au nisimame imara, nivute haraka haraka mara chache, nisubiri ile hamu ipungue, ndipo nitembee kama mtu mwenye heshima zake.

Haikuwa miujiza, na sitaki mtu atoke hapa akisema nyanya mmoja mtandaoni amepona MS kwa mazoezi. Mguu wangu bado unakokota. Ugonjwa uliponirudia safari moja, niliyoyapata yalipotea nikaanza upya. Siku za joto kali bado ninavaa pedi. Kuna mwenzangu niliyekutana naye pale kwa Bi. Nekesa ambaye mazoezi peke yake hayakumtosha, akapewa dawa. Lakini nilianza kukaa ibada nzima. Nikaanza kulala. Siku moja nilijikuta nimetoka Thika hadi nyumbani bila kuwaza habari ya choo, na nikasimama pale kwenye vumbi nikalia kama mjinga.

Wakati huo ndipo Nyambura, binti yake Wairimu, aliponipigia simu.

"Tata," akasema, ndivyo anavyomwita mama yake mkubwa kwa Kikuyu, "mama ameanza kusahau."

Nikauliza anasahau nini. Akasema sufuria jikoni, njia ya sokoni, majina. Akaniomba niende. Akasema, "Bado anakutaja."

Wangari alikuwa kando yangu, akasema twende Jumamosi. Mimi nikasema bado. Nilitaka kwanza niwe na hakika. Nilikuwa nimejiwekea kipimo kwamba nikimaliza mwezi mzima bila kulowa hata tone, nitakwenda. Sikutaka kurudi katika sebule ile na kukataa kikombe mara ya pili, wala kukinywa kisha nikaaibika juu ya kiti chake.

Kila nilipokaribia, siku moja ya joto ingenivunjia mwezi, nami ningeanza tena. Bi. Nekesa nilipomweleza alikunja uso. Aliniambia ugonjwa huu hausubiriwi uishe, unatembea nao. "Vaa pedi, mama, uende," akasema.

Nilikuwa na kiburi cha kutosha kumpuuza.

Mwezi mkavu haukuja. Mvua ilinyesha, tukapanda, tukavuna. Ndipo Wangari alipochukua kikapu changu akatia pedi, rinda la kubadilisha na chupa ya maji, akakiweka mlangoni. Nikavaa viatu.

Nyambura alitufungulia geti. Alinikumbatia, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nisihuzunike, kwamba siku nyingine mama yake humwita yeye mama.

Wairimu alikuwa ameketi kibarazani akichambua maharagwe. Amekonda. Aliponiona aliinuka kwa adabu, kama mtu anavyomwinukia mgeni.

"Karibu, mama. Umetoka wapi?"

"Gatuanyaga."

"Gatuanyaga! Niko na dada huko. Anaitwa Muthoni. Unamjua?"

Nilimtazama Nyambura. Nyambura alikuwa ametazama chini.

"Ninamjua," nikasema.

"Yule haji huku," akasema, akirudi kwenye maharagwe yake. "Ana maringo. Lakini ni yeye alinibeba."

Akaagiza chai. Ikaja katika vikombe vile vile vyenye maua mekundu, vimefifia sasa, kimoja kimevunjika mkono. Nikakipokea cha kwangu kwa mikono miwili. Nikanywa. Yeye aliacha maharagwe, akanitazama hadi nikafika mwisho, kama mtu anayemtazama mtoto akimaliza uji.

"Wewe ni mtu mzuri," akasema. "Umekunywa."

"Ni tamu."

"Muthoni alikataa. Mbele ya watu. Mpaka leo sijui nilimkosea nini."

Nikahisi haja inakuja, ile ya ghafla. Sikukimbia. Niliketi imara nikavuta, nikataja majina moyoni, Njoroge, Wambui, Kamau, Muthoni, na wa mwisho alikuwa mbele yangu akingoja nijibu. Hamu ikapungua.

"Hukumkosea," nikamwambia. "Alikuwa mgonjwa. Kibofu. Aliogopa kujikojolea mbele ya wageni wako."

Aliweka sinia chini. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha utotoni cha kushika tumbo.

"Hiyo tu? Si angeniambia? Si ni yeye alikuwa ananipangusa mimi?" Akapangusa machozi ya kicheko kwa pembe ya leso. "Mama, ukirudi mwambie aje. Mwambie hiyo choo ya sebuleni tulifunga. Iko nyingine hapo nyuma, hakuna mtu atamwona."

Nikasema nitamwambia.

Akachukua sinia lake. Akachambua kidogo. Kisha akainua uso akanitazama kwa adabu.

"Karibu, mama. Umetoka wapi?"

Wakuu, hapo ndipo kisa kilipofika.

Mkitaka funzo, hili hapa. Mwanamke mwenye MS anayelowa, au mwenye shida hiyo kwa sababu yoyote ile, aseme mapema, na amwambie daktari, si ukuta. Mazoezi yapo na yanasaidia wengi, lakini usiyafanye kwa kunong'onezwa. Mtu anayejua akuwekee mkono aone kama unavuta au unasukuma, hasa wewe uliyebeba maji maisha yako yote. Wala usingoje upone ndipo ukawaone watu wako.

Na ninyi mnaoalika wageni: mtu akikataa chai yako, kabla hujamwita mwenye kiburi, angalia kwanza choo chako kiko wapi.

Mwenye mama, shangazi au nyanya aliyeacha ghafla kutembelea watu, amwulize faraghani, kwa upole. Mwenye kisa kama hiki asimulie hapa chini, Wangari atanisomea. Mwenye matusi pia aandike, nimeyasikia makubwa zaidi.

Mimi sasa huenda Ruiru kila niwezapo, na pedi yangu kikapuni. Wairimu hunikaribisha upya kila mara, nami hunywa hadi mwisho. Na kila ninapoondoka, hunisindikiza hadi getini akanituma nikamwambie Muthoni aje.